VAIO: nembo iliyodumu kuliko biashara iliyoizaa

Pitisha kidole juu ya kifuniko cha laptopu ya VAIO. V inateremka, inapinda chini, inapanda na kugeuka A isiyo na kile kijiti cha katikati, kisha inateremka tena. Ni wimbi. Halafu wimbi linakatika, na kidole kinakutana na mstari mmoja uliosimama wima, kisha duara. Wimbi ni analogi, sauti na picha kama zilivyokaa kwenye kanda za kaseti na video. Mstari na duara ni 1 na 0, lugha ya kompyuta.

Aliyeichora ni Teiyu Goto, mbunifu wa Sony ambaye pia ndiye aliyeipa PlayStation ya kwanza umbo lake, pamoja na padi yake yenye vishikio viwili. Kompyuta za VAIO, zilizokuwa za Sony wakati huo, zilianza kuuzwa mwaka 1996, na jina lilikuwa ufupisho wa Video Audio Integrated Operation, yaani mashine moja inayounganisha video na sauti.

Wapenzi wa usanifu huitaja nembo hii miongoni mwa bora kuwahi kubandikwa kwenye kompyuta. Wanaoipinga wanasema ni fumbo ambalo wabunifu walijitegea na kujitegulia wenyewe. Hoja yao si ya kubeza. Angalia nembo ya PlayStation, kazi ya Manabu Sakamoto wa Sony hiyohiyo: P imesimama, S imelala miguuni pake kama kivuli, na mtoto anaiona mara moja. VAIO je? Wapo walioitumia miaka mitano, wakaichakaza, wakaitupa, bila kujua kwamba juu ya kifuniko palikuwa na wimbi. Kama nembo inahitaji mkalimani, wanauliza, imesema nini?

Mimi naona swali hilo limekaa upande. Mnunuzi hakulazimika kulijua fumbo ili aipende nembo, mchoro ulitosha. Ushahidi nauona mwaka 2008, Sony ilipobadilisha maneno ya ufupisho ule yakawa Visual Audio Intelligent Organizer. Tafsiri nzima ya jina ilitupwa ikawekwa nyingine, na mchoro haukuguswa. (Kusema kweli, maneno hayo mapya yananuka kikao cha idara ya masoko, ila tuyaache.)

Lawama nzito zaidi ni nyingine, na hii siwezi kuikwepa. Nembo ile ilikuwa ahadi, na kwa miaka michache ahadi ilitimizwa waziwazi. PCG-505 ya mwaka 1997 ilikuja na bodi nyembamba ya magnesi yenye rangi ya zambarau, wakati laptopu nyingi zilikuwa matofali meusi au ya kijivu. PCG-C1 ya mwaka 1998 ilikuwa na kamera juu ya kioo. Kulikuwa pia na tundu la i.LINK: unachomeka waya kutoka kwenye kamera ya video, picha zinaingia kwenye kompyuta, unazikata na kuziunga mwenyewe. Wakati ule hilo lilikuwa jambo la kuwaita majirani waje kuona. Wimbi lilikuwa linageuka 1 na 0 mbele ya macho yako.

Miaka kumi baadaye kila laptopu ilifanya hivyo, hata ya bei ya chini kabisa. Nembo ikabaki pambo la mashine nzuri na ghali, ikieleza jambo ambalo halikuwa tena lake peke yake. Hapo wakosoaji wananishinda: mchoro uliofungwa kwenye badiliko moja la teknolojia huzeeka pamoja na badiliko hilo. Tufaha lililoumwa la Apple halina ahadi yoyote ya kiufundi, kwa hiyo halina cha kupitwa nacho.

Mwaka 2014 Sony iliuza biashara yake ya kompyuta kwa mfuko wa uwekezaji wa Japan Industrial Partners, yenyewe ikabaki na asilimia 5. Kampuni mpya ilianza Azumino, mkoa wa Nagano nchini Japani, na wafanyakazi wapatao 240. Mwaka 2025 ikaingia mikononi mwa Nojima, kampuni ya Japani yenye mtandao wa maduka ya vifaa vya elektroniki. Je, hiyo bado ni VAIO? Wengi husema ni jina lililobaki baada ya mwenyewe kuondoka, na majina ya namna hiyo tumeyaona mengi: Polaroid, kampuni ya kamera zinazotoa picha papo hapo, ilifilisika mwaka 2001, jina likaendelea kuuzwa kutoka mkono hadi mkono. Ila kuna tofauti ambayo husahaulika. Kiwanda cha Azumino hakikuwa kipya. Ndiko VAIO zilikotengenezwa tangu enzi za Sony, na baadhi ya mafundi walibaki palepale huku mabango yakibadilishwa. Kwangu hilo lina uzito kuliko jina la mwenye hisa.

Laptopu hizo sasa huuzwa zaidi kwa maofisi. Sony ilitaka uhariri video za familia. Mnunuzi wa leo anataka kamera na maikrofoni ya kumfikisha kwenye kikao cha mtandaoni bila mwangwi. Sauti yake inaingia kama wimbi, inasafiri kama 1 na 0, na anayezungumza hana habari na kilichochorwa nyuma ya kioo chake.