Mkuu wa idara: apandishwe wa ndani au atafutwe wa nje?

Nafasi ya mkuu wa fedha au wa mipango ikibaki wazi kwenye halmashauri, madiwani hugawanyika upesi. Wapo wanaotaka naibu apewe kiti, na wapo wanaotaka tangazo litoke kwa watu wote.

Hoja ya wale wa kwanza ina uzito. Wiki 3 za tangazo, kuchambua maombi, usaili, kuwauliza wadhamini, kisha mteule amalizie notisi ya miezi 3 kwa mwajiri wake: nusu mwaka imekwisha, na bajeti haingoji. Naibu anazijua hoja za ukaguzi ambazo hazijafungwa, anajua mkandarasi yupi huchelewa na kwa nini. Lakini aliyeizoea idara ameyazoea na makosa yake. Na akipandishwa bila kushindanishwa, wenzake watamwita mtu wa diwani fulani hata kama cheo anakistahili.

Kwa maoni yetu, nafasi itangazwe, naibu naye aombe, ila anayeomba asikaimu. Akishakaa kitini miezi 6, jopo haliwapimi tena waombaji. Linaamua kama limwondoe mtu ofisini, na ni wachache wenye moyo huo. Akaimu afisa asiyeitaka nafasi.

Mambo huharibika mapema, kwenye tangazo lenyewe. Sifa hunakiliwa kutoka tangazo la zamani, "uzoefu wa miaka 10" unabaki palepale, wakati anayehitajika ni mtu aliyewahi kuziba pengo la bajeti. Vigezo 5 au 6 vinatosha, kila kimoja na alama zake, viandikwe kabla ya kufungua ombi la kwanza.

Maswali matupu humbeba msemaji hodari. Mpe kila msailiwa kurasa 4 za bajeti ambamo pato moja limehesabiwa mara mbili, na dakika 45 za kusoma. Yupo atakayetazama jumla ya chini na kusifia ziada. Yupo atakayeweka kidole kwenye mstari mmoja na kuuliza: fedha hizi si ndizo za ukurasa wa kwanza? Kisha kila mjumbe ajaze alama zake kimya na kusaini kabla mwenyekiti hajasema neno; mazungumzo yakitangulia, alama zote humfuata mkubwa.

Barua za walioshindwa zisitoke kabla mteule hajasaini mkataba. Akighairi kwa sababu ya mshahara, wa pili bado yupo.