Siki ya Kwaresima

Kwanza nieleweke: sikunywa. Hata tone. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kihesa mpaka leo wapo wanaonisalimia huku wakinusa.

Jumatano ya Majivu ya mwaka huo nilisimama mbele ya jumuiya nikatangaza kwamba siku 40 zote sitaonja ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Kwa mtu wa Iringa hilo si tangazo dogo. Kwaresima haina huruma, inaangukia palepale kwenye mvua, wakati mianzi inatoa kwa fujo. Mgema anamimina mbeta zake, vile vipande vya mwanzi vya kukingia ulanzi, asubuhi, jioni anamimina tena, na kila kona kuna mama amekaa na dumu na kikombe. Kuacha ulanzi mwezi wa nane si kufunga, ni kukosa tu. Kuacha mwezi wa tatu ndiyo habari. Nikapigiwa makofi. Mwenyekiti wetu wa jumuiya, mzee mstaafu ambaye hajawahi kustaafu kupigia watu hesabu zao, akasema hela nitakayookoa iingie kwenye bahasha ya Kwaresima, na yeye atakuwa anaulizia.

Hapo ndipo ugonjwa wa kubana matumizi uliponishika. Mwanaume akiacha kilabu anabaki na jioni ndefu, na jioni zikiwa ndefu anaanza kufunua masufuria. Nikanunua kaunta buku, nikaandika MATUMIZI kwa kalamu nyekundu, nikaanza kuhoji kila kinachoingia ndani.

Mengine yalikwenda vizuri, tusidharauliane. Maharage tukaanza kuyaloweka usiku kucha, mkaa ukapungua. Nyanya nikawa nafuata sokoni jioni, wauzaji wanapokusanya virago na zile za Ilula zilizolainika wanazisukumia kwako kwa bei ya kuomba. Unazipika rosti siku hiyohiyo, basi. Masufuria tukayarudisha kwenye majivu. Kila nilichogundua nilimtangazia mke wangu kama mtu aliyefumbua siri ya serikali, naye alijibu vilevile kila mara: "Mama yangu alikuwa anafanya hivyo kabla wewe hujazaliwa."

La vipande vya sabuni sitalieleza kirefu. Niliviyeyusha nipate kipande kimoja kikubwa. Nilitumia sufuria ya ugali. Tukala ugali wenye povu siku mbili.

Halafu nikafika ukurasa wa usafi. Birika letu la chai lilikuwa limeota ukoko mweupe ndani, maana tunatumia maji ya kisima, na vioo vya madirisha vilikuwa vimebeba vumbi la kiangazi kizima. Kila mtu anajua dawa yake ni siki. Lakini chupa ya siki dukani ni hela, tena ukitazama ndani ni maji matupu yenye ukali kidogo. Nikajiuliza: siki ni nini? Ni pombe iliyochacha. Na sisi hapa pombe tunayo wapi? Inachuruzika porini, usiku na mchana! Nilikaa kitandani nikajionea huruma kwa akili nyingi nilizopewa.

Jumatano nikashuka Ipogolo.

"Kamwene," nikamsalimia mama wa ulanzi.

"Kamwene. Wa leo au uliokolea?"

Nikamwambia nataka mtogwa, ule mtamu wa asubuhi hiyo, lita 20, nakwenda kutengeneza siki. Yule mama alicheka mpaka akashika goti. Akanionyesha ndoo nyuma ya kibanda. "Mnyalukolo, huu hapa wa wiki iliyopita, umeshakuwa siki wenyewe. Kila siku namwagia migomba. Chukua bure."

Bure! Mimi nikamtazama kama tapeli. Mtu mwenye kaunta buku haletewi mabaki. Nikamwambia nahitaji malighafi safi, nikalipa shilingi 6,000, nikapakia dumu langu la njano kwenye bajaji.

Ndani ya bajaji alikuwa amekaa mwenyekiti wa jumuiya.

Dumu la ulanzi halifichiki. Lina povu jeupe mdomoni, na harufu yake inatangulia kupanda gari. Tukapanda mlima wote kutoka Ipogolo kimya, dumu likiwa katikati yetu kama mtoto tuliyemzaa pamoja. Tulipofika Mlandege akashindwa kuvumilia.

"Mafuta ya kula hayo?"

"Siki, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ahaa. Siki."

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na neno jipya. Vijana wa bodaboda pale kona wakawa wanaulizana, "Oya, twende tukapate siki?"

Nyumbani nikaugawa ulanzi wangu. Nilikuwa na madumu matatu ya lita 5 yenye vifuniko, nikayajaza mpaka juu. Lita 5 za mwisho zikakosa chombo, nikaziacha kwenye ndoo na kuifunika kipande cha kanga kuukuu, huku nikisikitika kwamba hizo zimeharibika, zitapigwa na hewa. Yale matatu niliyakaza. Na nikisema kukaza, nilizungushia na ukanda wa mpira wa baiskeli, nikavuta kwa meno. Hoja yangu ilikuwa kwamba ukali ukitoka, siki itapooza.

Jikoni mke wangu alinifukuza na madumu yangu. Nikatafuta mahali penye joto, maana Iringa na baridi yake hata pombe inaona uvivu. Pale sebuleni tuna meza ndogo yenye kitambaa kirefu cha kufuma kinachofika sakafuni. Nikayasukumia chini yake, yakaenea utadhani meza imepimwa kwa ajili yao.

Alhamisi usiku nikapiga magoti, nikafunua kitambaa, nikamulika tochi ya simu. Madumu yalikuwa yamenenepa. Ubavu uliokuwa bapa sasa ulikuwa umetuna, na ile mikunjo ya plastiki pembeni imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Nikaligonga moja kwa kidole, likalia *ti!* kama ngoma iliyowambwa jana. Kitako cha jingine kilikuwa kimebinuka kwa nje, halikai wima tena, linayumba lenyewe gizani. Mtu mwenye akili timamu angelegeza kifuniko. Mimi nilifurahi, nikaongeza mpira.

Jumamosi sikukumbuka kwamba ni zamu yetu kupokea jumuiya. Nilirudi saa 11 jioni nikakuta viatu vimepangwa mlangoni, jozi kama 25, na ndani wameshaanza kuimba. Nikapenya, nikakalia ukingo wa kochi, na macho yangu yakatua kwenye meza. Mke wangu alikuwa ameipamba vizuri kweli. Msalaba katikati, mshumaa kila upande, Biblia, na mbele yake sakafuni kapu la sadaka. Kitambaa cha kufuma kimefika chini, safi, hakuna anayeona kitu.

Nikamtazama mke wangu. Akanitazama. Hakujua. Nikajaribu kumwambia kwa nyusi, akadhani nimebanwa na haja, akanionyesha mlango wa uani.

Mwenyekiti akasimama mbele ya meza kutoa tafakari. Mada: kujinyima. Akasema wapo ndugu zetu wanaojinyima hadharani, halafu wakiwa peke yao wana majina mengine ya vitu. Watu wakakohoa. Akasema Mungu huona hata yaliyofunikwa.

Ndipo meza ikaanza kupiga mluzi.

Ulikuwa mluzi mwembamba, *fiiiiiii*, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Mwenyekiti akanyamaza. Mama mmoja akamfinya mwanawe sikio, akidhani ni yeye. Mluzi ukapanda. Mwenyekiti akainama kidogo kusikiliza vizuri, na hilo ndilo kosa alilofanya mzee wetu.

*Pwaaa!*

Kifuniko kilitoka chini ya kitambaa, kikagonga dari, kikarudi na kutua ndani ya kapu la sadaka. Ulanzi ukafuata. Kitambaa kilinyanyuka kama sketi penye upepo, povu likampata mwenyekiti kuanzia kidevuni mpaka mfuko wa kaunda suti yake, mshumaa wa kushoto ukazimika. Wanakwaya wakapanda kwenye kochi. Kabla mtu hajavuta pumzi dumu la pili likaitikia, hilo lilipasuka ubavu kabisa, likazima mshumaa wa kulia. Nikaruka, nikalinyakua la tatu, nikakimbia nalo kifuani kuelekea uani huku linatapika kupitia bega langu, likiwabatiza waliokaa mstari wa nyuma mmoja baada ya mwingine.

Niliporudi hakuna aliyekuwa akisema. Ulanzi ulikuwa ukidondoka kutoka darini, tone moja moja. Harufu ilikuwa ya kilabu siku ya mnada.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa mwalimu mmoja wa kemia wa sekondari, naye hata akiloa hawezi kuacha kufundisha. Huku anafuta miwani akaeleza kwamba hamira iliyomo kwenye ulanzi inakula sukari, inatoa kilevi na gesi, na gesi isipopata njia inajitafutia. Wadudu wanaogeuza kilevi kuwa siki ni wengine kabisa, na hao lazima wapate hewa. Ukifunga chombo unawanyima pumzi. "Siki inafunikwa kitambaa," akasema, "kuzuia nzi tu."

Kwa hiyo ile ndoo niliyoisikitikia ndiyo pekee iliyokuwa kazini. Na kweli, baada ya wiki kama tatu ilichacha ikawa kali ya kutoa machozi, nikaichuja, ikang'oa ukoko wote wa birika. Vioo pia vilitakata, kwa siki kidogo kwenye maji na karatasi ya gazeti. (Mwalimu huyohuyo alinionya nisije nikaichanganya na jiki chooni, inatoa gesi ya kuua mapafu. Hilo sikulijaribu. Nimekua.)

Lakini usiku ule hakuna aliyejali kemia. Mwenyekiti alikuwa amesimama vilevile, mikono mbali na mwili, akisubiri maelezo. Nikasema ni siki. Watu wakaguna.

Ndipo bibi mmoja aliyekaa pembeni, mkubwa kuliko wote pale, mwenyeji wa Kalenga, akapitisha kidole kwenye mkono wa kochi. Akakilamba. Akafumba macho. Sebule nzima ikamsubiri.

"Siyo siki," akasema.

Nikaishiwa nguvu.

"Siyo mtogwa pia. Huu umeiva leo." Akalamba tena kuhakikisha. "Asingeuacha ufike hapa kama angekuwa anaunywa. Mnywaji hawezi kukaa na lita 15 siku tatu ndani. Huyu kijana ni mjinga tu, mwacheni."

Sijawahi kutetewa vizuri hivyo maishani. Hata mwenyekiti alikubali, akaketi, akafinya kola yake ikatoa maji.

Mke wangu hakusema neno. Alikwenda chumbani, akarudi na kaunta buku langu na kalamu nyekundu, akakaa, akaanza kuandika huku akitamka kwa sauti: dobi, kaunda suti moja. Kitambaa cha meza. Mishumaa miwili. Godoro la kochi, kuanika. Ubao wa dari, mmoja. Sabuni ya kufulia, akanyanyua macho, "ya dukani." Akajumlisha. Kwa hela ile tungenunua siki ya kufutia madirisha ya mkoa mzima.

Watu walipoanza kutafuta viatu vyao, bibi wa Kalenga alinivuta pembeni, uani, pale nilipokuwa nimelitua dumu la tatu. Ndani yake zilikuwa zimebaki kama lita mbili. Akalitikisa karibu na sikio, akalegeza kifuniko taratibu mpaka likapumua, akalifunga kidogo tu, akalitia chini ya kitenge chake.

"Hii naenda nayo, mjukuu wangu," akasema. "Nitafutia madirisha."

Nyumba ya bibi naijua. Madirisha yake ni ya mbao.