Kilatini kifundishwe kwa Kiswahili

Nilianza Kilatini kidato cha kwanza, katika seminari ndogo, nikiwa bado napambana na Kiingereza. Mwalimu aliandika ubaoni *amabit*, kando yake akaweka maneno matatu ya Kiingereza, nasi tukanakili. Tulikuwa tunabeba lugha ngeni kwa kutumia lugha nyingine ngeni, na wenzangu wengi walikata tamaa kabla ya Pasaka.

Sasa mimi ndiye ninayeshika chaki, na chini ya *amabit* huandika "atapenda". *Ama* ni shina, *bi* wakati ujao, *t* nafsi. Kisha tunasoma la kwetu: *a* nafsi, *ta* wakati ujao, *penda* shina. Neno moja kwa neno moja, ila Mroma anaweka mkiani tunachoweka sisi kichwani. Kijana aliyetoka darasa la saba juzi anayajua haya yote, maana amechambua viambishi tangu shule ya msingi. Kwa nini tumlazimishe kuyasahau mlangoni?

Au chukua *domi*. Kwa Kiswahili ni "nyumbani", basi. Hata *mensa*, nomino ambayo vitabu vingi vya zamani vya sarufi huanza nayo, ni meza hii hii tunayolia chakula. Wareno waliiita *mesa*, wakaja nayo pwani. Gereza nalo limetoka kwa Wareno hao hao, kwenye neno lao la kanisa, ambalo chimbuko lake ni *ecclesia* ya Kilatini. Darasa likisikia hilo huwa halitulii tena, na mimi silinyamazishi.

Kuna wanaoniambia kwamba Kiingereza ndicho lugha ya sekondari, kwa hiyo nisiwachanganye vijana. Nawajibu kwa Mtakatifu Agustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354. Katika kitabu chake, Maungamo, anaeleza jinsi alivyokichukia Kigiriki alichofundishwa kwa vitisho na adhabu, ilhali Kilatini alikipata bila woga, katikati ya bembelezo na vicheko vya walezi wake. Seminarini tunamwomba atuombee. Tungemsikiliza pia kama mwanafunzi aliyeumizwa na ufundishaji mbaya.

Ninachotaka ni kitabu cha sarufi ya Kilatini cha kidato cha kwanza kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza, wala si tafsiri ya kitabu cha Kiingereza. Nimeanza kwa daftari langu. Vitenzi vimekaa vizuri. Nomino ndizo zinazonitoa jasho, kwa sababu sisi hatubadilishi mwisho wa neno kuonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Kazi hiyo tunampa *m* wa "anamwona". Nadhani *puellam*, yaani "msichana" anapokuwa ndiye anayetendwa, inabidi ianzie hapo, kwenye huyo *m*. Mwalimu mwenzangu uliyepata njia bora zaidi, niandikie.