Siku 14 za kupinga godauni

Karatasi yenyewe huwa imetiwa kwenye plastiki na kufungwa langoni kwa waya. Imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili: nambari ya ploti, jina la mtaa, kisha kwamba mwenyewe anakusudia kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi hadi viwanda vidogo na maghala. Mstari unaomhusu jirani uko chini kabisa. Una pingamizi? Iandike, uifikishe kwa kaunti ndani ya siku 14. Mtaani kwetu, pembezoni mwa Nairobi, niliisoma ya kwanza ikiwa imebaki siku tatu. Siku zote hizo nilikuwa nikiipita nikidhani ni tangazo la nyumba ya kupangisha.

Kisheria, mambo yamepangwa vizuri. Sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inaiachia kaunti uamuzi, umma ujulishwe, na asiyeridhika akate rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango, kisha aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Juu ya hayo kuna Kifungu cha 42 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ukisoma tu sheria, utashangaa watu wanalalamikia nini.

Nianze na mwenye ploti, maana huyu mara nyingi huhukumiwa kabla hajafungua mdomo. Wengi wao walinunua hapa pakiwa vichaka. Lami ilipofika, kodi ya nyumba haikupanda sana, lakini kodi ya godauni ilipanda. Anayetafuta nafasi ya kufanyia kazi naye ana sababu zake: Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, ni ghali na imejaa. Ile ploti ya kwetu ilianza kwa karakana ya madirisha na milango ya chuma. Vijana wanane wa hapa hapa wakapata kibarua wanachokiendea kwa miguu, na wale waliolalamikia kelele za grinda ndio hao hao walioenda kupima milango yao huko. Nami nilikuwa mmoja wao.

Tena, hii fikra kwamba nyumba zikae huku na viwanda kule haikuanguka kutoka mbinguni. Nairobi ya wakoloni iligawanywa hivyo: wenye uwezo upande wenye miti na upepo, wafanyakazi Eastlands, mitaa ya mashariki, karibu na kazi na moshi wake. Waliokosa hata hizo nyumba walijisogeza wenyewe hadi kwenye kuta za viwanda ili wasilipe nauli, na sehemu moja ya mtaa wa mabanda wa Mukuru mpaka leo inaitwa Viwandani. Mtu anayeamka saa kumi usiku kutembea hadi kazini hawezi kuona ajabu kiwanda kikiwa jirani. Ajabu kwake ni kikiwa mbali.

Kwa hiyo pingamizi za majirani hazina uzito mmoja. Nimekaa kwenye mikutano ya mtaa nikasikia mtu akisema, bila haya, kwamba godauni litaleta "watu wa aina ile." Mwingine shida yake ni bei ya ploti kushuka. Hayo ni maslahi kama yalivyo ya mwenye godauni, hata yakivishwa nguo ya mazingira.

Ila kuna Embakasi. Usiku wa 1 Februari 2024, katika eneo la Mradi, lori lililobeba gesi lililipuka. Moto ukasambaa hadi kwenye ghala la nguo na nyumba za watu. Waliokufa walikuwa kadhaa, na waliojeruhiwa walizidi 270. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mamlaka ya kawi, EPRA, ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mara tatu katika mwaka wa 2023, moja ya sababu ikiwa wingi wa watu wanaoishi karibu. Kwa upande mwingine, NEMA, mamlaka ya mazingira, ilikuwa imetoa leseni, na baada ya mkasa ikakiri kwamba ilitolewa kinyume cha utaratibu na kuwasimamisha kazi maafisa wanne. Ofisi moja inasema hapafai, nyingine inasema endelea, na jirani hana habari ya barua ya upande wowote.

Sasa jiulize waliokuwa wamelala kwenye nyumba hizo ni nani. Wengi wa wakazi wa Nairobi ni wapangaji. Tangazo la kubadili matumizi linamwendea mwenye ardhi wa jirani, ambaye huenda anaishi Kitengela au Texas, na ambaye kiwanda kikija ploti yake nayo inaweza kupanda bei. Mpangaji ndiye anayevuta hewa, ndiye anayekosa usingizi, na akilalamika anajibiwa kwa sentensi moja: si uhame? Mimi naliona hili kuwa doa kubwa kuliko yote katika utaratibu wetu, na sijawahi kumsikia mwanasiasa yeyote wa kaunti akiligusa.

Pia tusidanganyike kwamba hati ikisema "viwanda" basi tumepona. Owino Uhuru, Mombasa, mtambo wa kuyeyusha madini ya risasi (lead) kutoka betri kuukuu ulifanya kazi miaka kadhaa ukutani kwa mtaa wa watu wapatao 3,000, ukiwa na hadhi ya EPZ, yaani eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje, na baraka za serikali. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa mtambo huo, aligundua mtoto wake ana sumu ya risasi mwilini, akaanza kupiga kelele. Mtambo ulifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Waliobebeshwa lawama ni pamoja na NEMA na wizara za serikali, kwa sababu kazi ya kuangalia kinachotoka kwenye bomba la moshi ilikuwa yao.

Kwangu mimi basi, kosa haliko katika kuruhusu kiwanda kwenye mtaa. Liko katika neno "viwanda" lenyewe, linalomfunika fundi cherehani na mjaza mitungi ya gesi kwa shuka moja. Ploti ya kwetu ni ushahidi. Ruhusa ilitoka wakati kuna karakana ya chuma. Karakana ikahama, wakaingia wauza plastiki kuukuu, na sasa magunia ya kitu fulani chenye harufu ya rangi hushushwa usiku. Langoni haikurudi karatasi nyingine, kwa sababu kwa mujibu wa makaratasi hakuna kilichobadilika. Ruhusa ingetaja kazi yenyewe, na kazi ikibadilika maombi yaanze upya, mizozo mingi ingeisha kabla ya kufika kortini. Na tangazo liandikwe kwa Kiswahili, lisukumwe chini ya kila mlango, wa mpangaji kwanza. Wenye mitaji watasema huo ni urasimu unaofukuza uwekezaji. Kwa mtu wa cherehani wana haki, na huyo apunguziwe. Kwa mtu wa gesi, acha acheleweshwe.

Mzee aliyeongoza upinzani wetu, aliyechangisha pesa za wakili na kuandika barua mbili kwa kaunti, anapakana na ploti hiyo. Mwezi uliopita nilipita kwake nikakuta lango limefungwa karatasi kwa waya, plastiki ikiwa bado mpya. Nilimpigia simu. Akaniambia, "Sasa hapa nitampangisha nani alale, mwanangu?"