Eti ameshinda tuzo ngapi?

Nimetumiwa fomu ya kumpendekeza binti mmoja anayefundisha drama, ameomba nafasi ya kufundisha maigizo kwa vijana na mimi ni mmoja wa wadhamini wake. Nilikubali fasta maana huyu binti namwamini kuliko wengi wenye majina makubwa. Nikafungua fomu. Swali la kwanza: taja maigizo aliyoongoza na tuzo alizoshinda. Linalofuata: makadirio ya watazamaji. Halafu likaja ambalo lilinimaliza kabisa, wanafunzi wake wangapi wameshaonekana kwenye runinga.

Sasa jamani, mnatafuta mwalimu au mnatafuta promota?

Mwenzangu mmoja ambaye naye ni mdhamini akanirushia barua yake eti nipate pa kuanzia. Mchapakazi, mwaminifu, anajituma, ana ushirikiano mzuri na wenzake. Nimeisoma mpaka mwisho natafuta neno igizo, halipo. Barua hiyo ukibadilisha jina unaweza kumwombea mtu kazi ya uhasibu, ya ulinzi, ya udereva, popote. Na ameisaini kwa kujiamini kabisa!

Shida yetu ni kwamba tunachanganya dairekta na mwalimu. Dairekta ana onyesho la kufungua, tarehe ipo, wageni wamealikwa, kwa hiyo mtoto ambaye tayari anajua kuongea anapewa uhusika mkuu, anayefuata anapewa uhusika unaofuata, na waliobaki wanakuwa wanakijiji. Wanakijiji wanasimama nyuma wanasema "ndiyooo" mara mbili, basi. Onyesho linapendeza, wazazi wanapiga makofi, picha zinapigwa, na ukiuliza nani amejifunza kitu unakuta ni wale wale waliokuja wanajua. Hiyo ndiyo kazi ambayo fomu inaipa maksi zote.

Ngoja niwaambie nilichokiona kwa huyu binti. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi siku ya mazoezi ya kawaida tu, wala sio siku ya wageni. Kuna kijana alikuwa na mstari mmoja kwenye skripti nzima, "Mama, wamekuja." Sauti yake haivuki kola ya shati. Sasa wengi wetu hapo tunajua tunafanyaje, tunapiga kelele, sauti! sauti! huku nyuma hatukusikii! na kadiri unavyompigia kelele ndivyo anavyozidi kunywea, mwisho unampa mwingine mstari wake na unajiambia umemsaidia. Huyu binti hakumwambia kijana neno. Alimchukua msichana anayeigiza mama akampeleka mwisho kabisa wa ukumbi, akamgeuza ampe kijana mgongo, akampa khanga akunje, akamnong'oneza kwamba usigeuke mpaka uamini kweli wamekuja. Kijana akasema mstari wake. Mama anakunja khanga. Akarudia. Mama anakunja. Mara ya tatu akaitoa sauti mpaka mimi mwenyewe nikageuka kuangalia mlango!

Halafu hakumpongeza, hizo "umeona sasa unaweza" hakuna. Akamuuliza tu, "Wamekuja akina nani?" Yule kijana, ambaye nadhani hakuwa ameshawahi kujiuliza, akaanza kueleza, ni askari, wana viatu vizito, mmoja anamjua kwa sura kwa sababu alikuwa anasoma na kaka yake. Hayo yote hayapo kwenye skripti. Mstari mmoja, na mtoto ametoka na mtu kamili kichwani mwake, mwenye historia na hofu yake. Hebu niambieni nalijaza wapi hilo, kwenye kisanduku cha tuzo au cha watazamaji?

Na kuna kitu kingine watu wanakicheka, wanasema anapoteza muda. Kabla watoto hawajaondoka anawavua uhusika. Kila mmoja anaweka kitambaa au kofia ya mhusika wake kwenye kiti, anataja jina lake mwenyewe, anasema kitu kimoja anachotofautiana na yule mhusika. Dakika chache tu. Lakini kama kuna mtoto ametukanwa saa nzima kwa sababu anaigiza mchawi, halafu anatoka mlangoni wenzake bado wanamwita mchawi mpaka kesho darasani, hapo umefundisha nini? Mwalimu mzoefu wa miaka mingi nimemuona hajawahi kufikiria jambo hilo, huyu bado kijana na kwake ni lazima.

Kuhusu umri na vyeti sitaki hata kubishana sana. Dorothy Heathcote wa Uingereza, yule ambaye walimu wa drama dunia nzima wanaiga mtindo wake wa mwalimu kuingia mwenyewe kwenye uhusika na kuendesha somo akiwa ndani ya igizo, aliacha shule na miaka 14 akaenda kufanya kazi kiwanda cha nguo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, ana miaka kama 24 na hana cheti cha ualimu, chuo kikuu kule Newcastle wakamchukua afundishe walimu. Kuna mtu alikaa naye, akaona, akaamua. Angejaziwa fomu yetu hii angeishia sanduku la barua. Viola Spolin wa Marekani naye, michezo yake ya uigizaji ambayo leo watu wazima wanalipia kujifunza, aliianza na watoto huko Chicago.

Haya, na mimi sio malaika wake. Huyu binti makaratasi yanamshinda, ripoti yake ukiipata kwa wakati shukuru Mungu. Onyesho lake la mwisho lilikuwa refu mno, taa zilichelewa, kuna sehemu mbili wahusika waligongana wakitoka jukwaani. Na nakubali, sipendi lakini nakubali, kwamba onyesho nalo lina umuhimu wake, mtoto anahitaji siku moja asimame mbele ya watu ambao sio rafiki zake aone wanacheka au wananyamaza. Mazoezi yasiyofika kwa hadhira nayo yanachosha. Ila huyu mapungufu yake ni ya kufundishika, mpeni fundi wa taa na mtu wa kumkumbusha ripoti, kwisha. Ile ya kumgeuza mama mgongo sijui unamfundisha mtu kwa semina gani.

Mshahara wenyewe mliotangaza sitausema, mtaaibika.

Kwa hiyo kwenye fomu nimefanya hivi, kisanduku cha tuzo nimeandika hana, cha runinga nimeandika hana na hajawahi kuniambia anataka, na kile kidogo kule chini cha "maelezo mengine" nimejaza habari ya khanga mpaka herufi zimekataa. Nimewaomba pia wasiende kwenye onyesho lake, waende siku ya mazoezi, wakae nyuma, wazime simu, wamwangalie mtoto anayeongea kuliko wote kidogo.

Na kama kwenda ni shida, basi kwenye usaili wawaulize waombaji wote swali moja. Una igizo lenye wahusika watano na darasa la watoto arobaini, wale thelathini na tano wanafanya nini? Akiwajibu wataimba kwaya, mjue mmeshampata dairekta wenu.