Ufyatue ukitembea, au usimame kwanza?

Ulengaji shabaha wa vitendo, mchezo wa kufyatulia shabaha kadhaa huku ukihama na saa ikihesabu, ulipata shirikisho lake la kimataifa, IPSC, mwaka 1976 huko Columbia, Missouri. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini: Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu na kasi. Mabishano ya walengaji yamo kati ya la kwanza na la tatu: ufyatue huku unatembea, au ukimbie, usimame, ndipo ufyatue?

Wanaotetea kusimama wana hoja nzito. Kila hatua hupandisha mtikisiko hadi mikononi, na risasi iliyokosa hukatwa alama 10. Wenzao hujibu kwa hesabu, maana alama hugawanywa kwa sekunde. Chukua kituo kimoja cha mashindano, cha risasi 12, kwa bastola ya daraja la nguvu ndogo (risasi zenye msukumo mdogo), ambapo eneo A, katikati ya shabaha, lina alama 5 na C, linalolizunguka, alama 3. Aliyesimama akipiga A 11 na C moja kwa sekunde 8, ana alama 58, sawa na 7.25. Aliyetembea akipiga A 8 na C 4 kwa sekunde 7, ana alama 52, sawa na 7.43. Ameshinda. Lakini C moja tu ikitoka nje ya shabaha, anabaki na 39, na kiwango kinaporomoka hadi 5.57.

Mimi naona kinachoamua ni umbali. Shabaha ya mita 5 huvumilia mtikisiko ambao ile ya mita 20 haivumilii. Ya karibu nitaifyatulia nikitembea. Ya mbali, au iliyobanwa na shabaha ya adhabu (isiyopaswa kupigwa), nitasimama bila kusita.

Kosa kubwa ni kutaka bastola itulie kabisa. Haitulii. Nukta ya kulengea itacheza tu. Tazama kama inacheza ndani ya A. Ikiwa ndani, vuta kifyatulio taratibu. Ukisubiri ifike katikati, utakivuta kwa pupa na risasi itakwenda chini. Kunja magoti, piga hatua fupi, kisigino kiguse ardhi kwanza kisha uzito uhamie vidoleni, kama mtu aliyebeba kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni.

Zoezi lake halihitaji risasi: bastola tupu, iliyokaguliwa mara mbili, na alama ukutani. Anza polepole, ongeza mwendo mpaka nukta ianze kutoka nje ya alama, kisha punguza kidogo. Huo ndio mwendo wako wa leo kwa umbali huo.