Wa pesa taslimu wasisahaulike Expressway
Nakubaliana na mwandishi aliyesema kwamba Nairobi Expressway, barabara ya kulipia, inahitaji magari mengi zaidi yalipe kielektroniki. Barabara hiyo ya kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022 ili watu wakwepe foleni. Mwenye kifaa cha ETC, yaani cha kulipa kielektroniki, kwenye kioo cha mbele hupita bila kusimama, kizuizi kinainuka chenyewe. Wa pesa taslimu anateremsha dirisha, anatafuta noti, anangoja chenji, na nyuma yake honi zinalia.

Ila kutumia kifaa hicho kunataka uweke pesa mapema. Anayeipanda barabara mara mojamoja, labda akikimbiza mgonjwa au akiwahi ndege uwanja wa JKIA, afanyeje? Wasimamizi wa barabara, tafadhali msiifunge njia yake ya kulipia taslimu, na salio la kifaa lisilotumika mwenyewe arudishiwe akilidai.